Kabichi Zenye Matundu

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ushirika wa mboga, na kazi yangu ilikuwa kuandika kwamba kila kitu kinakwenda vizuri. Niliandika hivyo mara nyingi mpaka herufi ya V ya mashine yangu ikaanza kufifia kabla ya nyingine zote. Kila Ijumaa agronomu, yaani bwana shamba wetu, alisimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni, akisema maneno, nami nikiyagonga. Juu ya meza nilikuwa pia na daftari langu mwenyewe, ambalo hakuna aliyenituma kuliandika. Katika daftari niliweka yaliyotokea. Katika ripoti niliweka yale mengine.

Haya ninayoyasimulia yametoka kwenye daftari.

Mashamba ya ushirika yalikuwa bondeni, nje ya Lubumbashi, upande wa barabara ya Kipushi, mahali ambapo udongo ulibaki na unyevu hata Septemba. Wanachama walikuwa wake wa wafanyakazi wa migodi, wajane, na wazee wawili watatu waliostaafu ambao walikuja zaidi kwa ajili ya mazungumzo. Shamba ulipewa na komite, na komite ingeweza kukunyang'anya. Shamba la mwisho kabisa, lililopakana na pori, lilikuwa la dada mkubwa wa mama yangu. Kwetu anaitwa mama mukubwa, na ndivyo nitakavyomwita.

Mume wake alikuwa mtu wa reli. Alipofariki, nyumba ilirudi kwa reli, na mama mukubwa akatoka na kitanda, cherehani isiyo na sindano, na barua ya rambirambi iliyopigwa chapa kwa usafi ambao mimi, kwa kazi yangu, sikuacha kuusifu. Alipanga chumba kimoja. Alikula kutoka shambani, alivaa kutoka shambani, alilipa chumba kutoka shambani. Bila shamba lile angebaki na njia moja tu: kupanda treni kurudi kaskazini kwa kaka yake, ambaye hakuwa amemwalika.

Dawa ilifika mvua zilipoanza. Ililetwa na lori la serikali, katika magunia meupe yenye picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, hata agronomu, ambaye alisoma Ulaya lakini si Ulaya hiyo. Mama mmoja aliuliza kama yule wa kwenye picha ndiye mwenye kiwanda. Agronomu akamjibu kwamba ile ni alama ya nguvu, na wote wakaridhika.

Agronomu alikuwa kijana mwenye abakosti ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai, iliyonyooka pasi na viatu vyeusi ambavyo aliviheshimu kiasi cha kutovikanyagisha udongo. Aliyakagua mashamba akiwa njiani. Aliona mbali sana kwa mtu aliyesimama pale. Yeye ndiye aliyetusomea uamuzi wa komite: baada ya majuma sita mkuu wa zoni angekuja kukagua, kila jani lenye tundu lingehesabiwa kuwa alama ya uzembe, na shamba lenye matundu lingepewa mtu anayeelewa maendeleo. Orodha ya watu wanaoelewa maendeleo ilikuwa tayari katika droo yangu. Niliipiga chapa mwenyewe. Wa kwanza alikuwa shemeji yake agronomu.

Siku ya kugawa dawa, wanachama walipanga mstari mbele ya meza yangu. Mama mukubwa alipofika hakuishika kalamu.

"Mama, tia saini hapa, ukamate dawa yako," agronomu alimwambia.

"Inauaka nini?"

"Wadudu."

"Yote?"

"Yote. Njo uzuri yake."

"Na finkubala?"

Hapa lazima nimsaidie msomaji ambaye hakulelewa na mama wa Katanga. Njo ni ndio. Finkubala ni viwavi vinene vya porini. Mvua zikianza kukolea hujaa kwenye miti ya mutondo na kula majani, na sisi huwala wao. Hukamuliwa tumbo, huchemshwa, huanikwa, hukaangwa kwa nyanya na kitunguu, na bukari, ugali wetu, inayoliwa navyo haihitaji mtu kukukaribisha mara mbili. Kwa majuma yale machache, nyama ya bucha hukaa bucha ikimtazama mwenye bucha.

"Finkubala njo mududu, mama," agronomu alisema kwa upole wa mwalimu. "Kisayansi."

"Wee unakulaka?"

"Minakulaka. Juu ya nini?"

"Minauliza tu. Nilifikiri mutu ya sayansi anakulaka sayansi."

Waliokuwa kwenye mstari walicheka, lakini kwa kuangalia chini, kama watu wanaotafuta kitu kilichoanguka. Mama mukubwa akaenda zake bila gunia. Agronomu akaniambia niandike mbele ya jina lake: hakuchukua. Niliandika.

Si kwamba mama mukubwa hakuwa na dawa. Alikuwa nazo nyingi, na hakuna hata moja iliyokuja na lori. Alikuwa na majivu ya jiko, aliyoyachekecha kama unga na kuyanyunyiza kwenye mashina. Alikuwa na pilipili iliyotwangwa na sabuni ya kipande. Alikuwa na majani ya buba, kile kichaka ambacho watu wa mitoni hukitumia kulewesha samaki. Aliyatwanga, akayaloweka, kisha akachovya kifagio na kuipiga kabichi moja moja, mbali na kijito, kwa sababu alijua samaki nao hawakumkosea. Alikuwa na ndoo yenye kifuniko ambayo nitaieleza baadaye, kwa kuwa msomaji pengine anakula. Na zaidi ya yote alikuwa na vidole. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakausha umande, aliinama kwenye mstari wa kwanza akigeuza jani kwa jani, akiwatoa wadudu mmoja mmoja, mpaka mstari wa mwisho. Bado walibaki wachache. Kabichi zake zilikuwa na matundu hapa na pale, kama nguo ya mtu anayejitahidi.

"Wadudu bako mu shamba yako, mama," jirani yake alimwambia siku moja nikiwepo.

"Bako. Na miye niko. Tunaamukaka pamoya."

Dawa ilipigwa Jumamosi, siku ya Salongo, ile kazi ya lazima ambayo taifa zima liliifanya kwa moyo mkunjufu, hasa wale waliosimamia. Wanaume wa komite walivaa pompi mgongoni. Agronomu alisimama njiani na filimbi. Walipiga kabichi, walipiga vitunguu, walipiga mchicha wetu, yaani lengalenga, kisha, kwa kuwa pompi zilikuwa bado na maji na agronomu alikuwa bado na pumzi, aliwaamuru wapige na miti yote iliyozunguka bonde, maana wadudu, alisema, hushuka kutoka juu. Upepo ulikuwa ukivuma. Dawa nyingine ilikwenda kwenye majani na nyingine ilikwenda ilikotaka. Wapigaji walijifunga vitambaa puani, isipokuwa mmoja aliyesema kwamba harufu ilimkumbusha hospitali na kwamba alilala vizuri sana hospitali.

Walipofika shamba la mwisho walimkuta mama mukubwa amesimama mpakani na jembe. Hakuliinua. Aliliegemea tu, na nyuma yake ilikuwa miti yake ya mutondo.

"Mama, pisha," mwanamume wa kwanza alisema.

"Miye nilishapisha mingi, baba. Nyumba nilipisha. Hapa sipishe."

Wanaume walimtazama agronomu. Agronomu aliutazama umbali kati ya viatu vyake na lile shamba, pamoja na matope yaliyokuwa katikati, akapuliza filimbi kumaliza kazi. Kisha akanigeukia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilicholetwa kwa ajili yangu, daftari la ushirika magotini.

"Andika, sitwayeni: mutu moya anakatala maendeleo." Enzi zile kila mtu aliitwa mwananchi kwa Kifaransa: mwanamume sitwaye, mwanamke sitwayeni.

Niliandika. Mtu mmoja aliyekataa maendeleo alikuwa dada ya mama yangu, aliyenibeba mgongoni, na nilimwandika kwa mwandiko mzuri. Alinitazama wakati wote kalamu ilipokuwa ikitembea. Jioni nilikwenda kwake na kilo ya sukari, kama wafanyavyo watu wenye hatia wanaolipwa mshahara. Aliipokea sukari, akaniwekea kiti.

"Madame ya biro," akasema, yaani bibi wa ofisi, "jina yangu uliiandika muzuri?"

"Niliiandika muzuri, mama."

"Bon. Siku batanifukuza, basikosee jina."

Siku mbili baadaye finkubala walianza kuanguka.

Ni lazima nieleze furaha ile, kwa sababu leo watu wanaona aibu kuikumbuka. Kwa kawaida finkubala wana kazi. Mtu hupanda, hutikisa matawi, huangusha kwa fito, huchubuliwa na magome. Safari hii wanawake walifika asubuhi na kuwakuta wamelala chini ya miti, wengi, wamenyooka, kama wamejipanga. Ilikuwa kufagia tu. Walifagia wakiimba. Walijaza beseni, walijaza magunia yale yale meupe, maana yalikuwa imara na yalikwisha kuwa matupu. Mama mmoja alisema mbele yangu kwamba agronomu ni mtu wa Mungu, maana sasa hata mwenye mgongo mbovu ataokota. Jambo lile niliwahi kuliwaza baadaye: watu wale walimjua kila mdudu wa pori lile kwa jina, kwa mwezi na kwa ladha, na siku mdudu aliposhuka mwenyewe bila kuulizwa, hakuna aliyemuuliza alikuwa na nini.

Mmoja aliuliza. Mama mukubwa alikuja mbio kutoka shamba lake, kitenge kikiwa kimepandishwa magotini.

"Muache. Bile ilikufwa juu ya dawa."

"Weye uko na wivu," jirani yake alisema. "Yako iko ingali juu ya muti. Panda."

"Finkubala ya kufwa haikulake. Munajua."

"Hii haikufwa, ilichoka tu."

Walicheka wote. Wawili walimwaga beseni zao, wakafukia. Wengine walianika kwenye mikeka, na Jumatano soko lililo karibu na kambi ya wafanyakazi lilikuwa limejaa.

Alhamisi, ujumbe wa wanawake ulifika ofisini na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Walikuja kumshukuru agronomu. Mama mukubwa alikuwa amekuja nyuma yao. Alisimama mlangoni.

"Baba, usikule ile," alimwambia.

Agronomu alikuwa ameshakunja mikono ya abakosti. Aliguswa sana, naweza kushuhudia. Alitoa hotuba fupi kuhusu mtu wa Zaire na vyakula vya bankambo, akasema kwamba yeye, pamoja na masomo yake yote, hakuwasahau wazee waliomtangulia. Kisha akala bakuli lote akitumia mikono, kiasilia kabisa, akimtazama mama mukubwa kwa kila tonge.

Ijumaa hakuja. Jumamosi mke wake alituma kiti chake cha ofisini kirudishwe, maana alikuwa amekipeleka nyumbani ili kitengenezwe, na mleta kiti alitusimulia mengine yote, ikiwa ni pamoja na habari za ndoo ambazo hatukuziuliza. Katika kambi, nyumba kwa nyumba, watu walikuwa wameinama. Watoto walitapika, wazee walitetemeka mikono. Zahanati ilijaa mpaka watu wakalala kwenye veranda. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa, jambo ambalo agronomu baadaye aliliweka katika ripoti kama mafanikio. Kwa ugonjwa wake mwenyewe aliniagiza niandike malaria. Niliandika malaria. Mbu walikuwa hawana mtu wa kuwatetea.

Kuanzia hapo mji ulijifunza neno jipya. Sokoni, kabla ya kuuliza bei, watu waliuliza: "Haina dawa?" Waliuliza finkubala, wakauliza kabichi, wakauliza nyanya, na nilimsikia mzee mmoja akiuliza chumvi. Wale wanawake wenye mboga nzuri kuliko zote, zile zinazong'aa, zisizo na alama, zile ambazo agronomu alizipiga picha, walikaa nazo mpaka zikanyauka. Mtu aliinua kabichi safi, akaigeuza, akairudisha kama anayerudisha telegramu ya matanga isiyomhusu. Kabichi ya mama mukubwa, yenye matundu, ilikuwa imekwisha kabla ya saa tatu.

Ndipo walipoanza kuja wapishi wa Karavia. Huko ndiko walikokaa wakubwa, pamoja na Wazungu waliobaki, na wake zao walikuwa wamesikia habari za kambi kupitia jikoni, njia ambayo kila habari ya mji ilipita. Mpishi mmoja, mtu mzima mwenye aproni nyeupe hata barabarani, alikuwa anakuja kwa baiskeli mpaka shambani.

"Mama, madame anasema shu ya leo haina matundu ya kutosha." Shu ni kabichi, kwa Kifaransa cha jikoni.

"Ya kutosha namna gani?"

"Juma ya kupita ilikuwa nayo mingi. Alifurahi. Hii ya leo anaweza kuwaza namna gani? Atasema nilienda kununua kwa bengine."

"Muambie wadudu balikuwa na Salongo."

Mpishi alicheka mpaka akaegemea baiskeli. Hata hivyo alichagua ile iliyoliwa zaidi, akaifunga kwenye gazeti kama samaki.

Wenzake mama mukubwa hawakukaa mikono mifukoni. Ndani ya juma moja matundu yalienea bonde zima. Nilitembea shamba kwa shamba nikiangalia, na nina orodha ya vifaa: mwiba wa mchongoma, msumari uliopashwa moto, njiti ya mwavuli, na kwa mwanachama mmoja mwenye mtoto shuleni, bikari. Walitoboa jioni ili jani lipate kukauka pembeni kufikia asubuhi. Tundu la mdudu ni baya, limepindapinda, lina kingo za kahawia na uchafu mdogo mweusi karibu yake. Matundu ya wanachama wetu yalikuwa ya duara na ya ukubwa mmoja, kama ya mkanda. Agronomu alikuwa ametumia miezi mingi akiwafundisha wanawake wale usawa wa mistari, na sasa niliona kwamba somo lilikuwa limeingia.

Wapishi hawakudanganyika muda mrefu. Ukaguzi nao ulikuwa umefika.

Mkuu wa zoni alikuja na magari mawili. Agronomu alikuwa amepona, amekonda kidogo, na viatu vilikuwa vilevile. Alimwongoza mkuu kando ya mashamba akiwa njiani, nami nyuma yao na daftari. Ile orodha ya watu wanaoelewa maendeleo ilikuwa imekunjwa katika mfuko wa abakosti yake. Niliiona ncha yake. Shemeji alikuwa pale pia, amevaa buti mpya za mpira, mtu pekee aliyekuja ukaguzini akiwa amevaa kwa ajili ya kulima.

Shamba la kwanza lilikuwa na matundu. La pili lilikuwa na matundu. Agronomu alianza kutoka jasho, maana kwa sheria aliyoisoma mwenyewe alipaswa kuwafukuza wanachama wote. Alitembea haraka haraka mpaka shamba la mwisho, ambako angalau alikuwa na maelezo.

"Sitwaye mukubwa," alisema, "njo hapa ugonjwa yote inatokeaka. Huyu mama alikatala dawa. Tuko na rapport. Wadudu banatoka kwake banaenda kwa bengine. Komite inaomba tumuondoshe leo."

Mama mukubwa alikuwa amesimama katikati ya kabichi zake amevaa kitenge chake cha misa. Mikono yake ilikuwa imeshikana mbele. Nilijua kwamba alikuwa ameshafunga kitanda kamba, nilimsaidia kukifunga.

Mkuu wa zoni aliingia shambani, kwenye udongo, na viatu vyake. Aliinama, akageuza jani, akapitisha kidole kwenye kingo za tundu.

"Hii," akasema. "Hii njo ile."

"Ndiyo, mukubwa. Njo ile uharibifu."

"Njo ile shu muke yangu anatumaka mupishi kutafuta. Ya juma ya kupita alirudisha, ilikuwa na matundu ya msumari." Akamgeukia mama mukubwa. "Mama, ni weye?"

"Ni miye, baba."

Nimeona watu wakibadilisha mawazo, lakini sijaona tena mtu akiyabadilisha bila kuvuta pumzi. Agronomu alisema, kwa sauti ile ile na karibu kwa sentensi ile ile, kwamba ndivyo alivyokuwa anataka kueleza: hili lilikuwa shamba la majaribio, lililoachwa makusudi bila dawa chini ya uangalizi wake, kwa kufuata njia za bankambo, uasilia ukiingizwa katika kilimo. Alinitazama. Nilikuwa nimeshaanza kuandika. Mkono wangu ulijua kazi yake.

Mkuu alifurahi, na furaha ya mkuu ilikuwa jambo la hatari kuliko hasira yake. Alisema shamba la namna hii haliwezi kuachwa mikononi mwa mama mmoja. Lichukuliwe na ofisi. Liwekwe kibao. Mama atapewa karatasi ya pongezi. Shemeji akasogea hatua moja mbele na buti zake.

Kwa hiyo mama mukubwa, aliyekuwa ameokoka kwa sababu shamba lake lilikuwa bovu, sasa alikuwa analipoteza kwa sababu lilikuwa zuri.

Alifikiri kidogo. Kisha akasema, "Aksanti, baba. Lakini kabla munakamata, mutu atakayelilima akuye nimuonyeshe kazi. Hii shu haizoee mugeni."

Mkuu alimwonyesha shemeji kwa kidevu. Mama mukubwa alimwongoza mpaka kwenye ndoo yenye kifuniko, ambayo niliahidi kuieleza. Aliifungua. Ndani yake kulikuwa na mkojo wa majuma mawili, na ndani ya mkojo kulikuwa na viwavi vya kabichi vilivyosagwa, maana mama mukubwa aliamini kwamba mdudu hapendi kula mahali panaponuka maiti ya ndugu zake.

"Hii unanyunyiza asubuyi," alimwambia. "Kwanza unakoroka na mukono. Ikikosa kutosha, unaongeza yako."

Shemeji alirudi nyuma hatua ile ile aliyokuwa amesogea.

"Na hii," akaendelea, akichuna kiwavi hai kutoka chini ya jani na kukiweka katikati ya kiganja cha shemeji, "unasaga na kidole. Hapana jiwe, jiwe inapoteza maji yake. Kila siku, saa kumi na mbili, jani kwa jani, mpaka kule mwisho. Saga, baba, nione."

Kiwavi kilianza kutembea kuelekea mkono wa shati. Shemeji alikitazama kama mtu anayetazama barua ya mahakama. Alitikisa mkono, kikaanguka, akasema kwamba yeye kwa kweli alikuwa ameombea shamba la vitunguu.

Mama mukubwa akamgeukia agronomu, kwa heshima zote. "Basi ni weye, baba? Shamba ni yako ya majaribio."

Sote tuliangalia viatu vyake. Yeye pia aliviangalia. Mkuu wa zoni alifunika pua kwa kitambaa, na sikuweza kujua kama alikuwa anacheka au anajikinga. Alisema kwamba baada ya kutafakari, njia za bankambo ziachwe kwa wenye bankambo, na kwamba mama aendelee. Akaondoka na kabichi nne. Nilichukua ile orodha kutoka mfuko wa agronomu kwa kisingizio cha kuiweka kwenye faili, na niliiweka, katika faili la mambo yaliyokwisha.

Agronomu alipandishwa cheo kwa ripoti ya lile shamba la majaribio. Ilikuwa ripoti nzuri. Niliipiga chapa mara tatu. Aliitwa mji mkuu kufundisha njia za asili, na sikusikia kwamba aliwahi kutaja ndoo.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokolea, nilikwenda bondeni Jumapili baada ya misa. Wanawake walikuwa wamesimama chini ya mitondo yao na beseni tupu. Walikuwa wanatazama juu. Miti ilikuwa mizuri ajabu, majani mapana, ya kijani, hakuna hata moja lililotoboka. Miti ile ingepita ukaguzi wowote. Yule jirani aliyesema kwamba finkubala wamechoka tu alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Upande wa shamba la mwisho majani yalikuwa yameliwa mpaka mishipa.

Mama mukubwa alitoka na fito mkononi. Alipita mbele yao akihesabu miti yake kwa kidole, kisha akawahesabu wao, na hesabu haikulingana. Akahesabu tena.

"Bawili bawili kwa muti moya," akasema. "Munachuma, munaachia na ya kuzaa. Na kila mutu atanileteaka majivu, mwaka muzima. Yenye kuchekechwa."

"Na mama wa kule nyuma?" mtu mmoja aliuliza, maana jirani alikuwa hajasogea.

"Yeye atapanda. Mwaka ya kupita aliniambia: panda."

Jirani alicheka na kulia kwa pamoja, akavua viatu. Mama mukubwa akanitafuta kwa macho, akaniona, akaelekeza fito kwenye mkoba wangu, mahali anapojua daftari hukaa.

"Madame ya biro, andika majina yabo yote. Yoyote atakayetia dawa, tutamufuta."

Niliandika, nikiwa nimesimama safari hii, na kila jina nilimsomea mwenye jina kabla ya kuendelea na lililofuata.